Nyumba Isiyo na Pa Kununia

Katika nyumba ya kawaida kila mwanandoa ana haki ya kununa, na haki hiyo inataka nafasi. Unatoka sebuleni bila kuaga, unafunga mlango wa chumbani ili usikike, unajilaza ukitazama dari mpaka mwenzako aje aulize kama utakula. Ndani ya gari-nyumba la futi 24 mambo hayo hayapo. Utamnunia mtu aliye hatua tatu kutoka ulipo, na akitaka kwenda chooni itabidi ukunje miguu apite.

Mama Zawadi na mimi tumeishi Minnesota muda mrefu. Yeye alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Mimi nilikuwa dereva wa basi la mjini, mtu wa kuamka alfajiri. Wahamiaji wenzetu wanaielewa ndoa ya aina hiyo. Yetu iliendeshwa kwa vikaratasi vya mlangoni mwa friji: wali uko kwenye sufuria ndogo, bili ya umeme bado. Watu walitusifu kwamba hatugombani. Tungegombana saa ngapi?

Tulipostaafu, mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa anauza gari lake, la aina ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Mimi niliingia uvunguni kukagua ekseli. Mama Zawadi alifungua makabati, akavuta droo ya vijiko, akajaribu kukaa chooni, kisha akatoka na kutangaza, "Panatosha." Tangu hapo kila kiangazi tunazunguka kwenye hifadhi za jimbo, ambazo mimi nazipenda kuliko zile maarufu za taifa, kwa kuwa huku angalau unauona mti kabla ya kumwona mtalii.

Sasa, nimeendesha basi refu kuliko gari hili kwenye barafu, abiria wamesimama, na sijawahi kugusa kioo cha mtu. Lakini kambini unaingia sehemu yako kinyumenyume, jua linazama, kati ya misonobari miwili, na majirani wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja na vinywaji mkononi, maana kutazama wageni wakiegesha ndiyo tamthilia ya saa hizo. Juu ya hayo yote nina utingo. Utingo wa lori kule kwetu Muheza anajua kazi yake: kata kulia, nyoosha, njoo, njoo, hapo hapo. Wangu alijifunza lugha yake wodini. "Polepole, Baba Zawadi. Vizuri. Vizuri sana. Pumua. Hapo, siyo hapo!" Kwenye kioo cha pembeni naona mkono unapunga, na mkono ule unaweza kumaanisha njoo, simama, au kwamba anafukuza mbu. Jioni moja ilikuwa mbu. Ngazi ya nyuma ya gari imepinda tangu siku hiyo, na kila mmoja wetu ana maelezo yake. Yangu ni mafupi: nilipungiwa, nikaja.

Siku hiyo nilinuna. Nilitoka nikakaa mezani chini ya mti, mgongo nimeuelekezea gari. Mbu wa Minnesota hawana malaria, ila hakuna aliyewaambia. Wanauma kwa bidii ya wenye nayo. Nilirudi ndani haraka, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, kinachotazamana na cha kwake. Alikuwa anatafuna karanga.

"Umerudi?"

"Nimefuata maji."

Tukalala bila neno. Usiku wa manane kukasikika kilio kutoka ziwani, kirefu, cha mtu aliyefiwa, kisha kikageuka kicheko. Kule Muheza sauti hiyo ingeamsha kaya nzima, na mzee mmoja angetoka nje kukemea. Mama Zawadi alinishika mkono kabla hajakumbuka kwamba hatusemezani. Asubuhi mhifadhi alitueleza kwamba ni loon, ndege wa majini ambaye ndiye ndege rasmi wa jimbo; hata kwenye ile sarafu ya robo dola ya Minnesota, ya mwaka 2005, yumo. Mama Zawadi alimsikiliza kwa adabu zote. Usiku uliofuata alilala na rozari chini ya mto.

Kuhusu chapati nitasema kwa ufupi. King'ora cha moshi kimefungwa mkono mmoja kutoka kwenye jiko, na kambi nzima bado imelala wakati mke wangu anapoanza kusukuma. Chapati ya pili ilipogeuzwa, king'ora kikalia, mbwa wa kambi wote wakaitika. Hifadhi nyingi huwa na wenyeji wa kambi, mara nyingi wastaafu wanaojitolea na kuishi kwenye magari yao msimu mzima. Mwenyeji wetu alikuja mbio na pajama na mtungi wa kuzimia moto. Aliondoka na chapati mbili kwenye karatasi ya jikoni. Kesho yake saa ile ile akaja tena, mara hii bila mtungi.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa magari haya hulitaja kwa sauti ya chini. Chini ya sakafu kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu ambalo huitwa la kijivu, na la choo, ambalo ni jeusi. Yale mawili ya mwisho hayajimwagi. Kuna mahali maalumu kambini, tundu kwenye zege lenye mfuniko, na kila dereva anafika hapo na mpira wake mnene na glavu. Unaanza na jeusi, kisha unafungulia kijivu ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Ukipindua mpangilio huo, utasafiri siku nzima na ushahidi. Ukutani kuna vitaa vya kuonyesha kiasi kilichobaki, na vya tangi jeusi vinadanganya, kwa sababu karatasi hunasa kwenye vipimo vyake. Mimi nimemwaga, vitaa vinasema bado robo tatu, na Mama Zawadi anaamini vitaa.

Jumapili asubuhi, watu wakirudi makwao, foleni ya tundu hilo huwa ndefu. Wazee wanashuka, wanaegemea milango, wanazungumzia shinikizo la damu na bei ya dizeli huku wamevaa glavu za mpira. Jumapili moja bwana aliyekuwa mbele yangu hakuwa ameukaza mpira wake. Alivuta mpini, mpira ukaruka, ukanyanyua shingo, ukatema. Viatu vyangu vya ngozi, vya fundi wa Tanga, ndivyo vilivyopokea. Bwana yule aliomba radhi mpaka nikamhurumia. Mama Zawadi alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Muuguzi hashtuki. Alinipitishia kipande cha sabuni dirishani, akanywa kidogo, akasema, "Viatu vitabaki hapo." Nikaondoka naendesha pekupeku, jambo ambalo si kosa katika jimbo lolote la Marekani, nilishawahi kuuliza.

Kuni ndizo zilizomshinda dada yake Mama Zawadi. Alitupigia kwa video kutoka Moshi, akanikuta nimekaa kando ya moto mbele ya gari.

"Shemeji, mmefukuzwa kwenye nyumba?"

Nilimweleza kwamba nyumba ipo, tumeiacha kwa hiari, tena tunalipia kulala hapa. Akakubali, kwa shingo upande. Kisha akaona furushi la kuni limefungwa kwa plastiki, na bei imebandikwa juu.

"Mnanunua kuni? Na huo ulio nyuma yako si msitu?"

Msitu ni msitu, lakini kuokota kuni humo ni marufuku, na kuja na za kwako kutoka nyumbani pia ni marufuku. Sababu ya hilo la pili ni mdudu mmoja wa kijani mwenye asili ya Asia, ambaye funza wake hula chini ya gome la miti iitwayo ash mpaka mti unakauka. Aligunduliwa Michigan mwaka 2002, akafika Minnesota mwaka 2009, na kwa safari ndefu hutegemea lifti ya watu wanaobeba kuni kwenye magari yao. Kwa hiyo kuni zinazochomwa kambini ni zile zilizoidhinishwa. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia dada yake kwa Kichaga maneno ambayo mpaka leo sijatafsiriwa.

Hifadhi yetu hasa ni Itasca, iliyoanzishwa mwaka 1891, kongwe kuliko zote Minnesota. Mto Mississippi unaanzia hapo, unachuruzika kutoka ziwani juu ya mawe yaliyopangwa, ukielekea Ghuba ya Mexico zaidi ya kilomita 3,700 mbele. Mama Zawadi huja kwa ajili ya Mary Gibbs. Mwaka 1903 dada huyo, akiwa na miaka 24, alirithi usimamizi wa hifadhi baada ya baba yake kufariki, akawakuta wakata magogo wameziba maji kwa bwawa lao, na miti ya kando ya ziwa inazama. Walinzi wa bwawa walimtishia bunduki akigusa mpini wa lango. Akaweka mkono kwenye mpini. Hawakupiga risasi. Hadithi hiyo nasimuliwa kila tunapofika, na kila mara anapofika kwenye mpini ananitazama mimi, utadhani nilikuwapo.

Basi tuko pale, ananiagiza nimpige picha akivuka mto juu ya mawe, nami narudi nyuma hatua moja ili mawe yote yaingie. Jiwe lina ute. Mto unaobeba meli za mizigo kule Louisiana ulinifika magotini, lakini mimi nilikuwa nimeshakaa, kwa hiyo ulinifika kifuani. Simu niliinyanyua juu, haikulowa. Watoto wa shule moja walipiga makofi. Mama Zawadi alicheka mpaka akatafuta gogo la kukalia, na kila aliponyamaza akanitazama, akaanza upya.

Nikaamua kununa, na safari hii kwa uzito. Nikaondoka na maji yakinichuruzika, nikaenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa gari, nikasimama. Funguo alikuwa nazo yeye.

Ninyi mnaotaka kununua gari la namna hii kwa ajili ya uzee, msinunue bado. Kodini kwanza, wiki ya mvua, na iwe wiki ambayo hampatani. Mkirudi bado mnapikiana chai, nendeni mkalipie.