Sifa za Kibwengo wa Ndege

Apewe haki yake gremlin, kibwengo ambaye marubani wa Jeshi la Anga la Uingereza walimbebesha hitilafu zao katika Vita vya Pili vya Dunia. Injini ikikohoa, dira ikipotoka, bunduki ikiganda kwa baridi ya angani, mkosaji ni yeye. Hakula mgao wa jeshi, hakudai mshahara, wala hakukata rufaa. Roald Dahl, aliyeacha kazi ya Shell Dar es Salaam akajiunga na jeshi hilo Nairobi mwaka 1939, alimtungia kitabu kilichotoka 1943. Walt Disney alipanga kumtengenezea filamu, mpango ukafa. Hata hapo kibwengo hakunung'unika.

Wema wake mkubwa ni kukaa katikati ya rubani na fundi. Kosa la fundi humuua rubani, na rubani mzembe huweza kuharibu kwa dakika moja kazi ya usiku kucha; hata hivyo lazima waamkiane asubuhi. Tena rubani aliyeona haya kukiri kwamba alishikwa na kizunguzungu kwenye hewa haba aliweza kusema kibwengo kamchezea, na habari ikafika chini. Wamarekani walingoja hadi 1976 ndipo NASA ikaanza kuendesha mfumo wa kupokea ripoti za usalama wa ndege huku jina la mtoa habari likifichwa. Gremlin alikwishaifanya kazi hiyo, tena bila fomu.

Atasema mtu: kumsingizia pepo ni kuacha kutafuta chanzo. Basi tutazame injini ya Merlin, iliyoendesha Spitfire na Hurricane. Rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta. Injini ikanyimwa kwanza, kisha ikafurikwa, ikazima. Kama kuna hila ya kibwengo, ndiyo hiyo. Lakini mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling wa Farnborough alileta kipande kidogo cha chuma chenye tundu la kupimia petroli, na balaa likapungua sana. Masimulizi ya marubani hayakumfunga mikono.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kibwengo humhifadhi fundi aliyesahau kukaza nati. Nusu yake nakubali. Ila kibwengo anayeng'ang'ania ndege za fundi yule yule kila wiki hawezi kumdanganya mkuu wa kikosi kwa muda mrefu.