Kihori cha Mninga

Kuku wa kienyeji wa Mabwerebwere hujitafutia. Meza yake ni uwanja mzima. Sasa mwenye kuku katazama video moja kwenye simu, basi anataka kuku wake wale chakula kwenye kihori cha mbao.

Mbao gani? Mninga, bila shaka! Mti wa vitanda vya maharusi unapigwa randa, unapakwa vanishi, kisha anapelekewa jogoo ambaye hakuomba. Watoto wa nyumba hiyo bado wanakula wamekalia ndoo.

Taabu ni kwamba kuku haangalii vanishi. Huparua. Akipata upenyo hupanda ndani, akatawanya pumba na kuzinyea. Dawa yake ni rahisi mno: ufito unaozunguka juu ya kihori, umeshikwa na msumari kila upande, ili anayetua ateleze, kingo zilizoinuka kidogo, na chakula kisizidi theluthi ya kina. Kuku mkubwa mmoja anatosheka na nafasi ya sentimita 10 hivi. Mabaki ya mbao za boksi yanatosha kabisa.

Lakini ufito haupendezi pichani. Fundi kaambiwa achonge maua kwanza, na panya, ambao hakuna aliyewaalika, wanausifu mninga kila usiku.