Jinsi ya Kuruka kutoka Butere hadi Nairobi kwa Nusu Saa

Anza na hesabu, maana hiyo ndiyo sehemu ya safari isiyo na nauli. Butere imejaliwa kukaa karibu na ikweta, ambako digrii moja ya latitudo au ya longitudo ni kilomita 111 hivi. Wewe uko 0.2 kaskazini na 34.5 mashariki, uwanja wa Jomo Kenyatta uko 1.3 kusini na 36.9 mashariki. Toa, zidisha, umwite Pythagoras. Kilomita 314. Ndege yenye mwendo wa kilomita 650 kwa saa itazimaliza kwa nusu saa, chai ikiwa bado moto. Watangazie jamaa.

Kuna jambo dogo tu: hakuna ndege ya ratiba inayotua Butere. Reli ipo tangu miaka ya 1930, tena hapa ndipo inapokomea, lakini wewe si mtu wa treni tena. Wewe ni abiria wa angani.

Kwa hiyo utapandia ndege Kisumu. Ikiwa inaruka saa nne asubuhi, fika stejini alfajiri. Chagua Probox iliyobakiza nafasi moja. Usishangae nafasi hiyo ikiwa nusu ya kiti cha dereva. Usukani utakupiga goti kila kona hadi Khumusalaba. Funga mkanda, kama upo. Kuku aliye butini atakuwa anakupumulia kisogoni. Ikiwa ni wako, achinjwe na kugandishwa kabla ya safari, kwani mashine ya eksirei ya uwanjani haijui maana ya kwenda kwa shangazi mikono mitupu.

Ukishapita Luanda, kaa macho. Pale Maseno utavuka ikweta. Watu hulipa maelfu ya dola kwenda kupigia picha mstari huo. Wewe utauvuka ukibishania chenji ya shilingi hamsini. Tayari umehama nusu moja ya dunia kwenda nyingine, na ndege hujaiona.

Mwambie makanga mapema akushushe uwanjani. Uwanja wa Kisumu uko upande huu wa mji, kando ya barabara ya Busia, na ukisinzia utajikuta stendi kuu unatafuta bodaboda ya kukurudisha.

Ndani, vua mkanda, vua viatu, ngoja. Ngoja tena. Safari yenyewe ni dakika 45 au 50, kwa kuwa ndege nayo hutambaa ardhini, hupanda taratibu na kupanga foleni ya kutua. Pythagoras hakuyajua hayo. Utaona ziwa, utapewa maji, utaambiwa ufunge mkanda.

Ukitua, utakuwa Embakasi. Shangazi anakaa Kangemi, ng'ambo nyingine kabisa ya jiji. Chagua: barabara ya juu na ulipe ushuru, au ya chini na ulipe kwa saa zako. Ukibisha hodi, usishtuke ukimkuta jirani yako wa Butere sebuleni, ameshaoga, anamalizia ugali. Yeye alipanda basi la usiku, likaja kwa barabara ya Nakuru na kumshusha hapo hapo stejini Kangemi, akiwa na kuku wake mzima.