Kisu Chenye Tochi

Kaa kwenye foleni yoyote ya Dar es Salaam, teremsha kioo cha gari upate upepo, na utapata kisu. Kijana atakupitishia dirishani kitu kinachong'aa, kimekunjwa, kina klipu ya kuning'iniza kwenye mkanda, kina kifungua chupa, kina msumeno wa kukatia sijui mti gani, na mkiani kina tochi. "Mzee wangu, kisu cha kijeshi hiki. Elfu kumi, lakini bei ni maelewano." Nikisema sihitaji, anaiwasha ile tochi saa saba mchana ili nijionee mwenyewe.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hivi visu vinajitembeza kweli: kwenye taa za barabarani, stendi za mabasi, hata nje ya msikiti Ijumaa. Mimi sina ugomvi na vitu rahisi. Ningekuwa nao, ningevaa nini? Kinachonikera ni kisu kinachojua kazi zote isipokuwa kukata.

Tuanze na kukikunjua. Kwenye bapa kuna mfereji mdogo wa kuingizia ukucha, na ni wazi kwamba aliyeuchonga hana kucha. Unavuta, bapa linabaki, ukucha unatoka. Springi ya visu hivi ina tabia mbili tu: ama imekaza hadi umwite jirani akusaidie, ama imelegea hadi kisu kinajifungua chenyewe mfukoni huku umebanwa kwenye daladala. Mahali kilipochoma sitapataja, gazeti hili husomwa na watoto.

Kuna na kufuli. Ndani ya mpini mnakuwa na kibati chembamba ambacho kazi yake ni kuegemea kisigino cha bapa lisirudi likishafunguka. Kwenye kisu cha maana kibati hicho kinabana. Kwenye hiki cha foleni kinabembeleza. Ukikandamiza kidogo, tuseme unatoboa dumu, bapa linaamua kurudi kwao, na njiani linakutana na vidole vyako.

Halafu yale maandishi. Kila kimoja kimechorwa kwamba hakishiki kutu, na mnunuzi anasoma hapo kwamba kinakata. Wapi na wapi! Chuma kinakataa kutu kwa sababu kimechanganywa na kromiamu, kuanzia kama asilimia 10.5 hivi. Makali yanadumu kwa sababu ya kaboni iliyomo na namna chuma kilivyopashwa moto kikapozwa, na huko ndiko mtengenezaji wa bei ya kutupa anakobana matumizi, maana huko hakuonekani kwa macho. Ndiyo sababu kisu kinanyoa vinyweleo vya mkono wa muuzaji asubuhi, jioni kinashindwa na nyanya. Chuma ni laini mno, makali yamelala upande.

Kimoja cha namna hiyo nilipewa na shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, kwa moyo mweupe kabisa. Nilimpelekea mnoaji, yule anayepita mtaani na baiskeli iliyofungwa jiwe, akisimama anainyanyua juu ya stendi na kukanyaga pedali haendi kokote. Alipitisha dole gumba kwenye makali, akakigeuza, akawasha tochi, akaizima. "Mzee," akasema, "hiki nikikinoa kitaisha. Niletee cha mama cha jikoni, hiki kaa nacho umeme ukikatika."

Mpini wa kile kisu ni mwekundu na una msalaba mweupe, ili udhani kimetoka Uswisi. Watu wa Uswisi wangelia. Karl Elsener alisajili kisu chake cha maofisa mwaka 1897, na ujanja wake ulikuwa kwamba springi ileile inashika vifaa vya pande zote mbili za mpini. Kila kifaa kinafunguka kwa mlio wake na kusimama mahali pake. Cha shemeji kimeiga msalaba tu. Mkasi wake una springi isiyojua wajibu wake: ukibana unabaki umebana, mpaka uupanue kwa mkono wa pili.

Sasa usije ukasema mimi ni mtu wa makuu nataka kisu cha mishahara miwili. Wafaransa wana kisu kinachoitwa Opinel, kimetengenezwa tangu 1890 kwa ajili ya wakulima wa milima ya Savoie: bapa moja, mpini wa mbao, na tangu 1955 pete ya chuma shingoni unayoizungusha bapa lisirudi. Basi. Hakina cha kufungulia chupa, na hao ni Wafaransa! Huko kwao hakimzidi uwezo mtu wa kawaida, na watu wanarithishana.

Na hata kwetu hatukusahauliwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kutengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, wakakipa jina Okapi, mnyama wa misitu ya Kongo, koloni ambalo wala halikuwa lao. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mbao wenye nyota na mwezi, mgongoni kipete cha kuvuta unapotaka kukifunga, na kikifunguka kinatoa ule mlio wa krr-krr unaofanya watu wasogee. Kinashika kutu, ndiyo. Kipanguse, kipake mafuta, maisha yaendelee. Bei yake ni ya mtu wa chini tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo ukinikuta nimeteremsha kioo kwa hiari yangu, ujue nimeona chenye bapa moja. Hapo nakikunjua, nashika ncha ya bapa na kulitikisa kushoto kulia. Likicheza, namrudishia mwenyewe akacheze nalo. Lisipocheza, na kufuli likishika nikikandamiza mgongo wa bapa kwenye dashibodi, tunaweza kuongea habari za elfu tano. Kikiwa na tochi hata sikishiki.

Ukipanda basi la Tanga, likisimama Muheza, mwangalie dada anayeuza machungwa. Ana kisu cha jikoni cha mpini wa plastiki, kimenolewa mpaka bapa limebaki nusu ya upana wake, na mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Chungwa linazunguka mkononi, kisu hakiendi popote, ganda linashuka utepe mmoja mpaka chini, na ile nyama nyeupe inabaki na unene uleule pande zote. Anakata kofia ya juu, anakupa, anapokea hela, ameshika lingine. Abiria wa kiti cha mbele yangu alikataa kumenyewa. Alitoa cha kwake cha kukunja, chenye msumeno. Tulipofika Tanga bado alikuwa analikamua lile chungwa, shati limelowa.

Cha shemeji kimeniondokea uwanja wa ndege. Kilikuwa kimejificha kwenye mfuko wa pembeni wa begi, mashine ikakiona. Afisa alikitoa akataka kukifungua athibitishe kwamba ni silaha. Ukucha ukamshinda. Akamwita mwenzake, naye ukamshinda. Mwishowe walifanikiwa kufungua kizibuo, wakaridhika, kikatupwa kwenye ndoo iliyojaa ndugu zake wa misalaba myeupe. Nilimpigia shemeji simu nikiwa nimejitahidi kuweka sauti ya msiba.

"Usijali kabisa, shemeji," akanijibu. "Hapa nina kingine. Hiki kina na dira."