Mjomba Baridi Anajibu: Kompyuta Yako Haijalogwa

Kila Oktoba barua za safu hii huongezeka, na sababu yake si fumbo. Tangu Mei hadi Septemba vumbi la kiangazi limekuwa likiingia ndani ya makasha ya kompyuta bila kupiga hodi, kisha linakuja hili jua la kabla ya mvua kupiga mabati mchana kutwa. Mwezi huu nimeletewa pia maswali ya posa, ya mipaka ya mashamba, na ya mama mkwe aliyehamia moja kwa moja. Yote nimeyaweka pembeni. Joto kwanza.

*Jambo Mjomba. Mimi ni mwalimu hapa Kisenge. Kompyuta yangu ya mezani ilitoka Ubelgiji, mkono wa pili, na ndiyo inayochapa mitihani ya shule nzima. Siku hizi inazima yenyewe. Asubuhi inavumilia, lakini ikifika saa sita mchana haimalizi hata ukurasa mmoja wa hesabu. Nikiiwasha papo hapo inakataa. Nikingoja inakubali, halafu inazima upesi zaidi. Jirani yangu aliomba kuitumia nikamnyima, na shida ilianza wiki ileile. Mchungaji alikuja kuiombea, ikazima kabla ya amina. — Mwalimu Asiyemaliza Ukurasa*

Mwalimu, nenda kamsalimie jirani yako, hana kosa. Mchawi gani huyo anayefanya kazi kwa kufuata jua? Kitu kinachovumilia asubuhi na kuzima adhuhuri, kikipumzishwa kikarudi, hicho kimeshikwa na joto.

Tena ishukuru kompyuta yako. Kule kuzima si kufa, ni kujiokoa. Prosesa za miaka hii zinajipima joto zenyewe. Zikikaribia mpaka wake, ambao kwa nyingi za Intel ni nyuzi 100 hivi, hupunguza mwendo kwanza. Joto likizidi kupanda, zinakata umeme. Zamani haikuwa hivyo kwa zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi video iliyozunguka dunia nzima: kipoza kiling'olewa juu ya prosesa zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikabaki hai, Athlon ya AMD ikatoa moshi ndani ya sekunde chache. Yako imechagua kukuachia mitihani nusu badala ya moshi.

Sasa chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, ufungue ubavu wa kasha. Katikati ya ubao utaona feni imekaa juu ya bonge la metali lenye mapezi membamba, hicho ndicho kipoza. Usiiangalie feni, hiyo hudanganya: inazunguka vizuri na wewe unaridhika. Chungulia chini yake, pale mapezi yanapoanza. Nina hakika utakuta zulia. Upande wa juu litakuwa jekundu, la barabara, na ukilikwangua kwa ukucha litatoka jeusi, maana Kisenge ina vumbi la pili ambalo miji mingine haina, la mgodi wa manganizi. Feni inasukuma hewa, hewa inagonga zulia, inarudi ilikotoka. Mji wenu unajua kuliko mwingine wowote kinachotokea njia ya kutokea ikiziba: reli ya Benguela ilipokatika kwa vita vya Angola mwaka 1975, manganizi iliyokuwa ikishuka hadi bandari ya Lobito ilikosa pa kupitia, na mgodi ukabaki na mzigo wake. Joto la prosesa nalo limekaa stesheni linangoja treni.

Toa kasha nje, si chumbani wanakolala watoto. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwa sababu ukiyaachia yazungushwe na upepo wa pampu utaharibu beringi. Tumia brashi ya rangi iliyo kavu na pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Na ufunge kitambaa puani, hili silisemi kwa mzaha. Vumbi la manganizi likivutwa kwa miaka huharibu ubongo, mtu akaanza kutembea kwa shida na uso kukakamaa. Daktari James Couper wa Uskoti aliliandika jambo hilo mwaka 1837, baada ya kuwaona wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini hayo. Wewe hutapata ugonjwa huo kwa kusafisha kompyuta moja, lakini kwa nini uanze?

Kabla hujafunga, gusa vile vijiti vinne vya plastiki vinavyoshikilia kipoza kwenye ubao, kama ni Intel. Kompyuta iliyotoka Antwerp kwa meli, ikapanda lori, ikaruka mashimo yote ya barabara ya Kasaji, mara nyingi hufika na kijiti kimoja kimechomoka. Vitatu vinashika, kona ya nne inaning'inia, na prosesa inagusa metali nusu nusu. Kibonyeze hadi kilie. Kama bonge zima lilikuwa linacheza, usilibonyeze tu. Ling'oe, ufute grisi ya zamani kwa spiriti, upake mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha ubonyeze vijiti kwa mshazari, kimoja na cha ng'ambo yake.

Mchungaji mpe chai. Amefanya lililo katika uwezo wake.

*Mjomba, mimi naandika kutoka Manika, Kolwezi. Baba watoto alinunua kompyuta kubwa akaiweka sebuleni. Ameifunika kikwembe kizuri, juu yake vitambaa vya kufuma, juu yake maua ya plastiki na picha ya harusi yetu. Ikiwaka inanguruma mpaka hatusikii habari za redio, na picha ya harusi imeanza kujikunja. Nikisema ifunuliwe, anasema wivu. — Mama wa Picha Iliyojikunja*

Mama, picha ya harusi ikijikunja kwa joto, ndoa haina neno, ila kompyuta ina neno. Hebu tazama kibandiko mbele ya kasha. Kama kimeandikwa Pentium 4, nakupa pole. Aina ya mwaka 2004 iliyoitwa Prescott ilifika hadi wati 115 kwa prosesa peke yake, na Intel wenyewe mwaka uleule waliufuta mradi wa mrithi wake kwa sababu hiyohiyo ya joto. Miaka miwili baadaye walitoa Core 2 Duo iliyofanya kazi zaidi kwa wati 65. Mumeo amefunika pasi kwa kitambaa na kuipamba maua.

Tena Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Feni ileile iliyotengenezewa watu wa bandarini, hapa inasukuma hewa pungufu. Ndiyo maana inanguruma: inajaribu kufidia.

Usigombane. Mwambie kwa upole kwamba ukitaka kuuonyesha mji kompyuta yako, hufuniki. Kisha sogezeni kasha kiganja kimoja na nusu kutoka ukutani, kwa maana joto hutokea mgongoni, na mliinue juu ya kibao, kwa maana vumbi la sakafuni huvutwa kutoka mbele chini. Kikwembe kirudi usiku, kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa. Hapo kitazuia vumbi kweli, na baba watoto atasema wazo lilikuwa lake. Mwache aseme.

*Mjomba Baridi, nilimwona kijana mmoja kwenye video akipaka dawa ya meno badala ya grisi ya prosesa. Nami nikapaka. Siku ya kwanza joto lilishuka kuliko hata zamani! Nimewapakia rafiki zangu wote, kwa malipo. Sasa wananitafuta. — Fundi Aliyehama Nyumba*

Mpwa wangu, kaa hukohuko ulikohamia hadi umalize kusoma.

Uso wa prosesa na uso wa kipoza, hata ukiviona laini, vina mikwaruzo isiyoonekana, na ndani ya mikwaruzo hiyo mna hewa. Hewa hupitisha joto kwa shida sana. Kazi ya grisi ni kuifukuza hiyo hewa na kujaza nafasi yake. Dawa ya meno ni maji na unga laini, kwa hiyo siku ya kwanza inajaza vizuri, video inapigwa, watu wanapiga makofi. Kisha prosesa inafika nyuzi 70 na maji yanakauka. Kinachobaki ni chokaa yenye nyufa, na hewa imerudi kwake. Video ya siku ya kumi hakuna aliyeipiga.

Bomba dogo la grisi halisi linatosha kompyuta kadhaa. Nunua, uwafuate wateja wako mmoja mmoja, uwasafishie prosesa kwa spiriti, uwapakie upya bure. Na kama wana meno machafu, wape ile dawa iliyobaki.

*Mimi ni mchimbaji wa mkono hapa Kasulo. Nimesikia kipoza kizuri ni cha shaba. Nyumbani nina mawe ya malakiti, ya kijani safi kabisa. Nikiweka moja juu ya prosesa, si itapoa? — Mwenye Shaba Yake*

Barua hii nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Hapana, ndugu yangu. Malakiti ni shaba iliyofungwa pamoja na kaboni, oksijeni na hidrojeni, na katika hali hiyo ni jiwe tu, joto halipiti humo kwa kasi ya metali. Mpaka liyeyushwe litoe shaba yenyewe. Hiyo ndiyo yenye sifa: katika vipimo vya wahandisi shaba safi hupata karibu 400, alumini kama 235, na hewa haifiki hata 0.03. Vipimo vina majina marefu, tazama uwiano tu.

Lakini swali lako lina haki ndani yake. Lori zinapita mbele ya mlango wako zikiwa na shaba, zinavuka mpaka, shaba inasafiri baharini hadi viwandani Asia, kisha mwaka mmoja inarudi Kolwezi ikiwa mduara mdogo katikati ya kipoza cha alumini. Na hiyo ni kama una bahati. Geuza kipoza cha Intel cha bei ndogo utazame tumbo lake: mara nyingi hata ule mduara hawakuuweka, ni alumini tupu. Laini kubwa ya umeme ya kutoka bwawa la Inga, kilomita zipatazo 1,700, inafika hapa Kolwezi tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi, na wewe uliyekaa juu ya shaba unanunua kipoza kisicho na shaba, unakitumia kati ya delestaji (mgawo wa umeme) moja na nyingine. Mimi ni mjomba wa feni, si wa siasa, kwa hiyo naishia hapo. Ukipata kipoza cha zamani kizito, chenye tumbo la rangi ya shaba na kinachoingia kwenye ubao wako, kinunue bila kuuliza mara mbili. Na hilo jiwe usiliweke juu ya prosesa, lina unga, na litavunja kitu.

Majibu ya haraka kwa wengine.

Baba Mchungaji wa Dilala, anayeweka chupa ya bia ya Simba iliyotoka friji juu ya kasha ili lipoe: angalia ile chupa inavyotoa jasho. Jasho hilo linateremka ndani kwenye ubao mama. Kunyweni kinywaji, Baba, au mkifiche mahali pengine.

Kijana wa sekretariati ya mjini, mwenye Core i5, ambaye hana pesa ya feni mwezi huu: nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uweke kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99. Asilimia hiyo moja huzima ule mwendo wa ziada ambao prosesa hujipa, na joto hushuka vizuri. Kwa kuchapa barua za wateja hutaona tofauti.

Mama wa Mutshatsha, aliyeambiwa na fundi kwamba lazima anunue prosesa mpya: mwambie fundi akuonyeshe namba. Kompyuta ikiwaka, bonyeza F2, au ule ufunguo wa Suppr kwenye kibodi zetu za Kifaransa, na ndani ya ile skrini ya awali utaona joto limeandikwa. Ikikaa bure iwe kati ya 35 na 50, na kazini 80 isivuke. Ikipanda kufikia 90 hapohapo skrini ya awali, kipoza hakigusi au feni imekufa, na dawa yake ni rahisi kuliko prosesa. Jaribu pia kufungua ubavu wa kasha: joto likishuka ghafla, ujue ndani hewa haitoki. Usiuache wazi daima, maana Mutshatsha vumbi linalo. Prosesa ndiyo kitu cha mwisho kufa katika kompyuta. Fundi anayeanza na prosesa anaanza na mfuko wako.

Wanaotaka kujibiwa mwezi ujao waandike mambo manne: joto ikiwa imekaa bure, joto ikiwa kazini, saa ngapi ya mchana, na kasha lilifunguliwa lini mara ya mwisho. Barua isiyo na namba hizo nitaipeleka kwa mwenzangu wa safu ya ndoa.