Heko, Kalkulasi ya Vigeu Vingi!

Sheria ina wateja, uhasibu una mishahara, udaktari una heshima ya mtaa mzima. Kalkulasi ya vigeu vingi, tena ile inayosomwa kwa masafa, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, haina hata msemaji. Nimejitolea kuwa wakili wake bila malipo, kwa kuwa mteja wangu hana kitu.

Nianze na nasaba. Wanaoibeza elimu ya masafa hudhani hesabu kubwa huzaliwa ukumbini, mbele ya profesa. George Green alikuwa mtoto wa mwoka mikate wa Nottingham, Uingereza, na alisaga unga kwenye kinu cha upepo. Darasani alikaa kama mwaka mmoja tu. Hata hivyo, mwaka 1828 alichapisha kijitabu ambamo ilichipuka kanuni inayobeba jina lake hadi leo. Cambridge alijiunga baadaye, akiwa na miaka 40. Kanuni ya Stokes, nguzo nyingine ya somo hili, ilisafiri kwa posta: William Thomson alimwandikia mwanahisabati Stokes barua mwaka 1850, na mwaka 1854 Stokes akaitia kwenye mtihani. Somo kwa barua, kisha mtihani! Ilibaki ada tu.

Pili, malezi. Chukua x mara y, gawanya kwa jumla ya mraba wa x na mraba wa y, kisha utafute kikomo pale vyote viwili vinapokaribia sifuri. Ukifuata mhimili wa x, unapata sifuri. Ukifuata wa y, sifuri tena. Mwenye haraka huandika sifuri na kwenda kulala. Njoo sasa kwa mshazari, y ikiwa sawa na x: unapata nusu! Kumbe kikomo hakipo kabisa. Ni somo gani jingine linalokufundisha kutowaamini mashahidi wawili hata wanapokubaliana?

Tatu, subira. Mhadhiri wa ukumbini ukimwomba arudie mara ya tatu, atakukata jicho. Wa kwenye video mrudishe nyuma mpaka majogoo wawike: hanuni, na kila mara atasema "ni dhahiri" kwa uchangamfu uleule.

Hata bando linapokata, mteja wangu hutenda wema. Mhadhiri ameandika intego mbili ya e yenye kipeo cha y mraba, y ikitoka x hadi 1, x ikitoka 0 hadi 1. Kuanza na y, kwa mbinu zote za darasani, haiwezekani. Anatabasamu, anasema, "Sasa tunageuza...", na hapo picha inaganda. Mwanafunzi hulaani mitandao yote, kisha, kwa kukosa la kufanya, huchora pembetatu nyuma ya risiti ya umeme wa LUKU. Huitazama kwa ubavu. Mbona x inaweza kutoka 0 hadi y, na y kutoka 0 hadi 1? Akianza na x, swali linalainika lenyewe, na jibu ni e toa 1, yote igawanywe kwa 2. Bando lingedumu, angemtazama mtu mwingine akigeuza, atikise kichwa kana kwamba ameelewa. Wauza bando wanastahili digrii ya heshima.

Wanaomshtaki husema anawatenga watu. Ni kweli, na hiyo nayo ni hisani. Harusini shemeji akikuuliza unasoma nini, mtajie jina la somo lote, polepole. Hatauliza tena, na ule mkopo aliokuja kuomba atauhamishia meza nyingine.

Basi jiandikisheni muhula ujao. Darasa halijai, kiti cha mbele hakigombaniwi, na wanaokimbia katikati ya safari huwaachia wengine nafasi tele. Na ukikamata sapu, yaani mtihani wa marudio, utaikamata nyumbani kwako, umevaa kanga au msuli, bila mwenzako hata mmoja wa kukucheka.