Mashine Isiyokoboa Wala Kusaga

Tunduma hatununui kitu ili tukae nacho. Sukari, vitenge, sabuni, mahindi, vyote vinanunuliwa huku macho yakiwa ng'ambo, Nakonde, ambako hatua chache tu zinatosha kuigeuza shilingi kuwa kwacha. Kwa hiyo nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kununua mashine ya kukerezea vyuma, ile ambayo mafundi wanaiita lethi, swali la mama watoto lilikuwa la haki kabisa.

"Inakoboa au inasaga?"

Nikamweleza kwamba haikoboi wala haisagi. Unafunga kipande cha chuma, mota inakizungusha, kisu kinakisogelea na kukimenya kidogo kidogo mpaka kinakuwa mviringo wa kipimo unachokitaka. Bushi, shafti, hata bolti zinapatikana humo. Alisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesubiri ifike ile sehemu yenye pesa.

"Halafu unamuuzia nani?"

Simuuzii mtu, nikasema. Nataka nitengeneze injini ndogo ya mvuke, ya kukaa kiganjani, niwe naitazama inavyozunguka jioni nikitoka kazini. Akanishika paji la uso kupima kama nina homa. Tangu siku hiyo mradi wangu ukapata jina ndani ya nyumba. Ukaitwa "ile ya kiganjani", na watoto wakalitumia kila nilipokataa kuwanunulia kitu.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya watu. Kila siku malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yanapita hapa kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na mengine yanakwenda kule yakiwa yamebeba mitambo ya migodini ambayo ingebidi nibomoe nyumba mbili ili ipate pa kukaa. Mtu akiandika uzito wa vyuma vya wenzake kwenye fomu miaka yote hiyo, siku moja atataka kuandika cha kwake.

Sasa, lethi gani? Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipaa. Ipo ile ndogo mpya ya Kichina, yenye kilo kama 40, inayouzwa dunia nzima kwa majina chungu nzima na rangi za kila namna, ilhali ukizifungua ndani utadhani ni mapacha. Inameza chuma kisichozidi urefu wa sentimita 35 hivi. Kwa Dar es Salaam bei yake ilikuwa inakaribia ya bodaboda mpya, jambo ambalo lilikuwa kosa kulitaja mezani, maana mama watoto alikumbusha papo hapo kwamba bodaboda inaleta hesabu kila jioni.

Njia ya pili ilikuwa Mlowo, wilayani Mbozi. Huko kulikuwa na karakana iliyofungwa baada ya mwenyewe kufariki, na ndani yake, chini ya maturubai na kinyesi cha popo, alikuwemo Mwingereza mmoja aina ya Colchester. Hao walianza kutengeneza lethi mwaka 1887, na huyu alikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani. Nilikwenda kumwona nikiwa na mzee mmoja jirani yangu, mstaafu wa karakana za reli, mtu ambaye akikutana na chuma hukigonga kwanza kwa kidole ndipo akisalimie.

"Shikamoo mzee, unamwonaje?"

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza."

Akapitisha ukucha juu ya kitanda cha mashine, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Karibu na yale meno yanayokamata chuma, ukucha ulizama. Akaniambia kwamba kila lethi kuukuu hulika pale, kwa sababu kazi nyingi hufanyika pale, na anayekuuzia atakuonyesha upande wa pili ambao haujaguswa tangu ukoloni. Hata hivyo, akasema, huyu bado ni mzima kuliko sisi wawili. Ubora wa lethi ni uzito wake, kwa sababu chuma kinapokata chuma lazima kuwe na kitu kizito cha kutuliza ule mtetemeko, la sivyo kisu kinaruka na kazi inatoka na mawimbi.

Nikauliza bei. Kijana wa familia akasema tumechelewa kidogo, mnunuzi wa skrepa alishafika na mizani.

Naomba msomaji alipime vizuri jambo hili, maana ndilo lililonikosesha raha. Mnunuzi wa vyuma chakavu hanunui usahihi. Kwake yeye kitanda kilichonyooshwa kwa ustadi na geti lililoanguka vinalipwa bei ileile ya kilo. Kwa hiyo mashine bora kuliko zote nilizowahi kuziona kwa macho yangu katika mkoa huu ilikuwa na bei ya kilo sawa na jembe lililovunjika, na ile ya dukani, nyepesi, ilikuwa ghali kwa kilo mara nyingi zaidi. Ukifuata maneno ya mzee kwamba ubora ni uzito, basi kilo za ubora zilikuwa zinagawiwa bure Mlowo na kuuzwa kwa gramu Kariakoo.

Na kama ubora kweli ni uzito wa chuma, bingwa wetu yuko Ndolezi, hapo hapo wilayani Mbozi: Kimondo. Makadirio mengi yanakipa tani kama 16, asilimia 90 hivi chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki nikeli. Inaelezwa kwamba mwaka 1930 mtaalamu wa miamba aliyeitwa Grantham alitaka kipande cha sentimita 10 tu, na msumeno wa chuma ukamshughulisha kwa muda wa saa 10. Hiyo ndiyo bidhaa. Tena ilishushwa kutoka juu bila nauli wala kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na hakuna wakala aliyeulizwa makaratasi. Wanyiha wa zamani nao hawakusubiri chuma cha mbinguni, waliyeyusha cha kwao kwenye matanuru marefu ya udongo wakafua majembe. Mimi mjukuu wa zama hizi nilikuwa nimesimama Mlowo nikishindwa kuchukua mashine iliyokwisha kutengenezwa.

Nilishindwa kwa nini? Mlango. Mwingereza yule haingii kwenye mlango wangu, na sakafu ya chumba nilichotengewa, ambacho kuku walikuwa hawajakubali kukihama, ingempokea siku moja na kumzika ya pili. Tena anataka umeme wa njia tatu, wakati mimi nina wa njia moja ambao jioni, mashine za kusaga za mtaa zikianza, unafika nyumbani ukiwa umechoka. Ongeza kreni, lori la kumtoa Mlowo, na vijana wa kushusha ambao bei yao hubadilika mzigo ukiwa hewani. Mashine ya bei ya skrepa ilikuwa inakuja na harusi nzima nyuma yake.

Mzee alihuzunika. Njiani alinipa somo la Mchina wa kwanza na Mchina wa pili. Mchina wa kwanza alijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, akala ugali na Watanzania porini, na alipoondoka aliacha karakana yenye mashine za kutengenezea vipuri kule Mang'ula. Mchina wa pili anauza picha kwenye simu. Nilimsikiliza kwa heshima lakini sikukubaliana naye, kwa sababu ankara za mizigo nazisoma mimi. Nchi ileile, wakati mwingine mji uleule, inatoa mtambo ambao mgodi utaurithisha kwa wajukuu na kikorokoro ambacho hakitafika Nakonde kikiwa na nati zote. Mchina anatengeneza kile ulicholipia. Tukitaka kumlaumu mtu, tujiulize pia Kilimanjaro Machine Tools, kile kiwanda cha mashine za karakana tulichojengewa Hai kwa msaada wa Bulgaria, tulikifanyia nini.

Nikanunua ile ndogo.

Ilisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 900, kwenye buti, ndani ya sanduku lenye mshale mkubwa unaoonyesha upande wa juu. Ilipofika stendi, mshale ulikuwa unaonyesha Zambia ya chini ya ardhi. Konda akanituliza: "Bosi, chuma hakiumii." Nilipofungua nikakuta kila kitu kimezama kwenye grisi nyekundu nzito, ambayo kiwandani huipaka ili mashine isipate kutu baharini. Inatoka kwa mafuta ya taa na vitambaa vingi. Vitambaa vyangu viliisha, nikaokota kingine kilichokuwa kimekunjwa vizuri kwenye kiti, na tangu hapo kwaya ya akina mama ya usharika wetu ina mwimbaji mmoja asiye na leso ya sare.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa nyingi za kunikataza kuvaa tai kazini, na ukurasa mmoja wa gia. Ndipo nikagundua kwamba nimeuziwa mashine, ila ukerezaji unauzwa kando. Visu vya kukatia, vernia ya kupimia, kichwa cha kushikia keekee, meza ya chuma ya kuikalisha isitembee, miwani, na vyuma vyenyewe vya kukata. Jumla ya vyote hivyo ikawa inaifukuzia bei ya mashine kwa kasi ya kutisha. Yeyote anayekutajia bei ya lethi bila kutaja visu vyake amekutajia mahari bila harusi, na mimi mambo ya harusi nilidhani nimeyaacha Mlowo.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, kuku walihama bila mjadala. Chuma kilitoka na mawimbi yale yale aliyonitabiria mzee. Kumbe mashine hizi, hata wazoefu wa Ulaya na Marekani wanasema hivyo, zichukulie kuwa fungu la vipuri vilivyokaribiana. Unazifungua, unanyoosha, unakaza, unapiga tupa palipobaki na makali, unafunga tena. Kazi yangu ya kwanza ikawa kukereza bushi ya lethi. Ya pili, kishikio cha lethi. Ya tatu, skrubu ya kukazia kishikio cha lethi. Tangu Henry Maudslay wa London alipounganisha zile mashine zake za kukata skrubu, miaka ya karibu na 1800, watu wanaisifu lethi kuwa ni mashine inayoweza kujitengeneza. Hakuna aliyetaja kwamba ya bei nafuu haifanyi kingine.

Halafu ikaja siku ya gia. Ndani yake gia ni za plastiki. Nilikuwa nimeiacha ijiendeshe, kisu kinasogea chenyewe kwa madaha, na simu ikaita: dereva, lori lake limezuiliwa kwa karatasi moja. Madereva waliozuiliwa hawana salamu fupi. Alipofika kwenye habari za watoto wake, kisu kilikuwa kimefika kwenye meno yanayozunguka. Mlio ulikuwa mfupi. Gia moja ilibaki na meno ya kizee.

Nilimwita mzee aje kuona uchafu wa plastiki. Akaichukua gia, akaigeuza, na kwa mara ya kwanza akamsifu Mchina wa pili. "Hii imekufa ili mashine iishi. Ingekuwa chuma, sasa hivi ungekuwa unaokota shafti." Kweli, plastiki ile ilifanya kazi ya fyuzi. Ukiweka gia ya chuma umeongeza nguvu, lakini ajali ijayo itatafuta kitu kingine cha kuvunja, na kitakuwa cha bei kubwa zaidi.

Hata hivyo nilihitaji gia leo, na ya plastiki ilikuwa ng'ambo ya bahari. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa Sogea, hapa hapa Tunduma. Nikaingia na gia yangu mkononi, na pale katikati ya karakana, amepakwa rangi mpya ya kijani, nikamkuta Mwingereza wa Mlowo. Fundi alimnunua kwa yule wa skrepa, kwa bei ya kilo pamoja na kidogo cha juu. Alikereza duara la gia yangu juu yake, kisha akachonga meno mojamoja kwenye mashine nyingine, huku akiniuliza kwa adabu kama mashine yangu ni ya kuchezea watoto.

"Ni ya mazoezi," nikasema.

Bei aliyonitoza sitaitaja, kwa sababu makala hii itasomwa nyumbani.

Gia iliingia. Mashine sasa inakata vizuri, na kipande cha shaba nilichokereza wiki ile kilimfanya mzee atoe vernia yake mwenyewe mfukoni, apime, apime tena, kisha airudishe bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni cheti. Injini ya kiganjani ina silinda na gurudumu. Ingekuwa mbali zaidi kama habari zisingesambaa mtaani kwamba kwetu kuna mashine. Walianza kwa kitasa. Ikaja mashine ya kumenyea kahawa kutoka Vwawa, kisha puli ya kinu. Sikuwa na habari kwamba mama watoto alikuwa anapokea oda, tena kwa daftari, tena kwa malipo ya nusu.

Jumamosi nikakuta shafti ya mashine ya kukoboa imelazwa sebuleni, urefu wake mita nzima, na mwenyewe amekaa kwenye kochi anakunywa chai. Nikamvuta mama watoto pembeni, nikamweleza taratibu kwamba mashine yangu mwisho wake ni sentimita 35.

Akafikiri kidogo. "Si uikereze kwa awamu?"